Masista waliouguza mmewaacha wapi?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu niko kazini wodini, na sijawahi kukuandikia. Lakini ile makala yenu ya misheni ya Bagamoyo imenishinda. Mmemtaja Padre Horner mwanzilishi wake, mmeutaja mwili wa Livingstone uliolala hapa usiku mmoja Februari 1874, mmetaja mpaka mbuyu wa pale misheni. Masista hakuna, hata mstari mmoja!

Padre Fava alipotoka kisiwa cha Réunion kuja Unguja Desemba 1860, alikuja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Hao ndio waliohudumia wagonjwa huko Unguja, miaka kadhaa kabla misheni ya Bagamoyo haijaanza mwaka 1868. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani, na wanawake waliotoka utumwani walipokelewa humo wakawa watawa. Bagamoyo nako walifika, wakalea mabinti waliokombolewa utumwani. Nyumba yao ya zamani ndiyo makumbusho ya leo. Mwandishi wenu amepita mlangoni mwao akaenda kupiga picha mnara.

Juzi nilikuwa pale mbuyuni na wajukuu. Kijana mmoja mtembeza wageni alikuwa akiwaonyesha watoto wa shule kile kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina, akawaambia hapo ndipo watumwa walipofungwa. Watoto wakaandika kwenye madaftari. Nikamwambia, "Mwanangu, huo ulikuwa wa punda." Aliyeufunga ni Madame Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akiuguza wagonjwa Unguja, akaja huku miaka ya 1890 kuhudumu katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, yule mfanyabiashara tajiri wa hapa Bagamoyo. Punda alikuwa wake. Kijana akanijibu, "Bibi, wageni ndivyo wanavyopenda." Wanavyopenda! Mateso ya watumwa waliopita Bagamoyo yanajulikana, hayahitaji kutiwa chumvi. Na kwa uongo huo mwanamke aliyekuja kuuguza watu wetu anafutwa, na Sewa Haji naye anafutwa, abaki jina la jengo la wodi pale Muhimbili ambalo wanaolazwa humo hawajui ni la nani.

Na wauguzi wa leo je? Hivi karibuni nilimsindikiza binti wa jirani, ana uchungu, kwenye kituo kimoja cha afya. Usiku wa manane tukaambiwa tukanunue glovu na uzi wa kushonea. Duka la dawa limefungwa. Muuguzi alikuwa mmoja, wazazi watatu, jasho linamtiririka, hajapata hata nafasi ya kukaa. Simlaumu yeye kabisa. Nawalaumu wanaompanga peke yake.

Ninachotaka ni hiki. Chapisheni masahihisho ukurasa uleule wa makala, msiyasukume nyuma kwenye tanzia. Pale mbuyuni liwekwe bango la mbao, Kiswahili kiwe juu, kwa herufi za kusomeka na mtoto wa darasa la tatu: mnyororo wa punda, jina la Madame Chevalier, na chini yake masista wa 1860. Mbao ya mninga ninayo nyumbani. Wenye gazeti mlete rangi.

Muuguzi mstaafu,
Dunda, Bagamoyo