Shoga, kupamba kwako tukupige kwa filamu

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na hongera tena. Mama anakusalimu, anauliza kama asumini za vikuba zitatoka kwenu Pangani au azitafute huku huku. Mjibu mapema, maana hatalala.

Sasa lile uliloniuliza. Unataka kujua kama kuna maana kupiga picha za harusi kwa filamu, ile mikanda ya kamera za zamani, wakati kila mtu ana simu yenye kamera nzuri, na mchumba wako anaona ni kurudi nyuma. Mimi nasema ipo, ila si harusi nzima, na sababu yangu si zile picha ulizonitumia.

Nimezitazama sana zile picha. Harusi za Marekani, majani yamepauka, bibi harusi kama amesimama ndani ya ukungu wa maziwa. Rangi ile kwa miaka mingi wapiga picha waliipata kwenye filamu ya Fujifilm iitwayo Pro 400H, wakiipa mwanga mwingi kuliko inavyotaka. Mwanzoni mwa 2021 Fujifilm walitangaza kuwa hawaitengenezi tena. Lakini hata ingekuwa inauzwa dukani hapo barabara ya kumi na mbili, nisingeitia kwenye kamera kwa ajili yako. Wewe ni mweusi wa kung'aa, shoga. Ngozi kama yako ukiipausha inageuka majivu, na zile kanga za mama yako zinakuwa kama zimefuliwa miaka ishirini.

Unajua zamani maabara za picha za rangi zilipimia mashine kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu? Ngozi yake ikitoka vizuri, basi kazi imekwisha. Sisi tukatoka meno na macho. Kodak, watengenezaji wa filamu, walikuja kusukumwa kurekebisha baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani kulalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Chokoleti na makabati! Hilo huniuma kila nikilikumbuka, ndiyo maana nachagua filamu kwa uso wa mtu nitakayempiga, sikubali nichaguliwe na mtindo.

Kwa hiyo nikah nitaipiga kwa Portra 400 ya Kodak. Aina hizo za Portra zilianza kutoka 1998, na hii 400 ya sasa ni ya 2010. Naipa mwanga mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye boksi. Kanzu nyeupe juani haiungui, na uso ulioko kivulini hauzami.

Ila ninapopataka hasa ni kwenye kupamba, sherehe yetu wanawake peke yetu. Unajua tunavyokuwa siku ile: mabuibui yametundikwa, vichwa wazi, mashangazi wamejifunga leso viunoni wanacheza kwa raha zao. Na unakumbuka yaliyompata ndugu yetu mwaka juzi. Picha za simu zilifika kwa wanaume wasiomhusu kabla hata hatujarudi majumbani. Alilia wiki nzima, na mpaka leo hakuna aliyekiri. Tangu siku ile nimeona kupamba ndiko kunakoidai filamu kuliko kitu kingine chochote. Filamu haina kitufe cha kutuma. Nitapiga nyeusi na nyeupe, kwa filamu iitwayo Ilford HP5 Plus, nitaisafisha kwa mikono yangu na kuichapa kwa mikono yangu. Hakuna fundi wa kiume atakayeziona, na sitaziskani hata moja. Picha na negativu zake nitakuletea mkononi, uzitie kwenye kasha lako, umwonyeshe unayemtaka. Simu waziache mlangoni, hilo mwachie shangazi yako mkubwa, anatosha.

Siku ukija nikuonyeshe kazi yenyewe. Dawa ya kutolea picha inataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya hapa msimu wa joto hayashuki 28, basi chupa inakaa kwenye beseni la barafu nami nimeshika kipimajoto kama muuguzi wa zamu. Halafu usiku, chumba cha giza, taa nyekundu. Unaitosa karatasi ya picha kwenye trei ya dawa, nyeupe tupu, unaitikisa taratibu. Kilicho cheusi zaidi ndicho kinachotangulia. Bibi harusi akipigwa mkono umekaa shavuni, huja piko kwanza: ua, jani, kikonyo, vimeelea peke yao juu ya karatasi, mkono wenyewe bado haupo. Kisha macho na wanja. Kisha ndiyo uso unapanda polepole kuyajaza yale maua. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara najikuta nimezuia pumzi.

Kamera ya kupamba ni ile Yashica ya lenzi mbili. Haishikwi usoni, inaning'inia kifuani, nami nainamisha kichwa kuchungulia kwa juu. Wakubwa wanaipenda kwa hilo, hakuna jicho linalowatolea macho. Bibi mmoja kule Ngamiani alidhani nasoma dua, akatulia, nikampata. Rola moja ya filamu kwenye kamera hiyo ni picha 12 tu, na nikisema "moja," watu wanatulia kweli.

Nisikufiche hatari yake. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga bibi harusi anatoka kwao, mama yake anamfuta machozi, na filamu ilikuwa haikushika kwenye kigurudumu cha ndani. Kamera inalia kama kawaida, ndani hakuna kilichosogea. Nilikwenda kumwambia mama yule mwenyewe, nikiwa na pesa yake mkononi. Tangu siku hiyo kila nikivuta natazama ile kishikizo cha kurudishia filamu kama kinazunguka. Hata hivyo usiiweke siku yako yote juu ya rola zangu. Ukumbini, keki, zawadi, kamati ya michango kupiga picha ya pamoja, tafuta mtu wa dijitali, na nitakupa jina la mmoja ninayemwamini.

Hesabu yangu: rola tano za HP5 kwa kupamba, ni picha 60, na tatu za Portra, za kamera nyingine, picha 36 kila moja. Kaka yako akitoka Muscat azilete. Mwambie asizitie kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, azibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na aombe zikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za viwanjani zinaziharibu. Zikifika ziende kwenye friji, na zisifunguliwe zikiwa baridi, zitatoka jasho. Na akizileta kwako kwa basi la Dar, zisikae juu ya dashibodi.

Mwambie pia anayepamba chumba asiweke zile taa za kubadilika rangi. Taa mbili kubwa za kawaida, upande mmoja wa kiti chako, zinatosha.

Bado kitu kimoja sijaelewa kwenye ujumbe wako. Nikah pale barazani kwenu ni baada ya Alasiri au baada ya Isha? Ikiwa Alasiri, jua litakuwa linaingia kutoka upande wa mnazi ule uliopinda, nitasimama mlangoni na Portra yangu na sitahitaji kitu. Ikiwa Isha, Portra ibaki kwenye friji, kaka yako aongeze rola mbili za HP5. Nijibu kabla hajapanda ndege.

Shoga yako akupendaye