Na mabinti je?

Mhariri,

Makala yenu ya biashara za familia zinazotengeneza mablanketi, mashuka na mapazia nimeisoma mpaka mwisho na nimeipenda, ila kuna kitu kimeniuma, yaani kila ukoo unaelezwa hivohivo, babu kaanzisha, baba kapokea, mtoto wa kiume kapanua, basi. Mabinti wako wapi jamani?

Hebu wachukueni Pendleton wa Marekani, wale wa mablanketi ya sufu. Hesabu yao inaanzia 1909, mwaka ambao ndugu watatu wa familia ya Bishop, Clarence, Roy na Chauncey, walifufua kiwanda kilichokuwa kimesimama pale mji wa Pendleton, Oregon. Sasa ufundi wenyewe waliutoa wapi? Kwa upande wa mama yao, Fannie Kay. Baba yake Fannie, mzee Thomas Kay, alikuwa mfumaji wa Kiingereza, alifika Oregon 1863 akafanya kazi kwenye viwanda mbalimbali miaka na miaka mpaka 1889 ndo akafungua chake mjini Salem, na huyo binti ndo alikuwa anashinda naye kiwandani anajifunza jinsi shughuli inavyoendeshwa. Na mume wa Fannie, Charles Bishop, yeye alikuwa mtu wa duka, kwahiyo watoto wao wakakulia kwenye kufuma na kuuza kwa pamoja. Kiwanda cha Salem kilifungwa 1962 na leo ni makumbusho, ila cha wajukuu waliozaliwa na binti mpaka sasa bado kiko mikononi mwa familia! Na jina la Kay kwenye lebo halipo.

Linanigusa kwasababu kwetu pia tunashona mapazia na foronya, na anayejua kukata kitambaa chenye maua mpaka maua yakutane sawasawa kwenye mshono ni mama, alifundishwa na bibi, wajomba wamejifunza kwake yeye, lakini ukiuliza biashara ya nani utatajiwa mjomba. Mama hata halalamiki, mi ndo inaniuma.

Kwahiyo mkiandika tena, mwandishi asiishie kwa mwenye ofisi. Aingie kule nyuma kwenye meza ya kukatia aulize nani alimfundisha nani, na hilo jina alilotajiwa aliandike.

Msomaji wenu wa siku nyingi