Mrefu wa mbele si mnara wa simu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, hata kama itabidi uipunguze hii ya kwangu. Mimi ni soja wa usiku kwenye fleti moja hapa Kileleshwa. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na katikati hapo ni mimi, geti, tochi na rejista ya magari. Ninayemwachia kazi asubuhi ni mzee mmoja aliyenizidi miaka tisa. Kwa misimu mingi sasa tunabishana jambo ambalo nadhani Nairobi nzima hakuna wengine wanaolibishania: je, timu ya mpira wa Kiaustralia, mchezo wao wenyewe usio soka, inahitaji mtu mrefu wa kusimama mbele, au huyo ni wa kujaza nafasi tu?

Usicheke, Mhariri. Tumewekeana chapati madondo.

Mambo yalianza kwa mpwa wangu, aliyekwenda Melbourne akapanga nyumba Footscray. Footscray ndiko nyumbani kwa Western Bulldogs, kwa hiyo hakuchagua timu, timu ndiyo iliyomchagua. Akanilipia programu ya kutazama mechi kwenye simu. "Mjomba, hawa watazame mara tatu tu, halafu useme." Melbourne iko mbele yetu kwa saa 7 kipindi cha baridi yao, hivyo fainali kuu inayoanza kwao saa nane na nusu mchana inanikuta mimi saa moja na nusu asubuhi, nimeshakabidhi rungu, flaski ya chai iko magotini na simu nimeiegemeza kwenye rejista. Niliangalia tatu. Sasa sina idadi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze haraka. Mpira umechongoka kama wa raga, uwanja ni duara lililovutwa, watu ni 18 kila upande. Kila mwisho pana nguzo 4, hakuna mtambaa panya wala wavu. Ukiupiga mpira ukapita kati ya zile mbili ndefu, ni bao, alama 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, unapewa alama 1 ya kukufuta machozi. Na hili ndilo la kushika: mtu akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala kuguswa na mwingine, refa anapuliza filimbi na mdakaji anaachwa apige bila kuguswa. Kwa hiyo mrefu akidaka mita 40 mbele ya nguzo, ni kama kapewa penalti.

Zamani hapakuwa na ubishi. Tony Lockett alimaliza na mabao 1,360, na hakuna aliyemfikia. Lance Franklin, wao wanamwita Buddy, sentimita 199, alipiga 1,066, na lile la 1,000 alipolipiga Sydney mwezi Machi 2022, watu waliruka vizuizi wakaujaza uwanja. Lakini huyo huyo Buddy ndiye wa mwisho kufikisha mabao 100 katika msimu mmoja, na hiyo ilikuwa 2008. Mzee wangu anaupenda mwaka huo kama kwamba alizaliwa humo.

"Ndugu yangu," ananiambia huku akitia sahihi ya kuingia, "tangu 2008 wako wapi? Mnara wa simu kazi yake kusimama. Mchezaji kazi yake kukimbia."

Ana ushahidi, simnyimi. Silaha yake ya kwanza ni Richmond ya 2017. Walikaa miaka 37 bila kombe, kisha wakaja na mrefu mmoja mbele, Jack Riewoldt, amezungukwa na vijana wafupi waliokimbia kama wanafukuzwa na kanjo. Kwenye fainali Adelaide walikuwa na warefu wao, Taylor Walker na Josh Jenkins. Wakafungwa kwa tofauti ya alama 48. Silaha ya pili inaniuma, kwa sababu walioliwa ni sisi wa Bulldogs. Fainali ya 2021 ilichezwa Perth kwa sababu ya korona. Robo ya tatu tulikuwa tunaongoza kwa 19. Ikaisha klabu ya Melbourne 140, Bulldogs 66. Bayley Fritsch peke yake alipiga 6, na Fritsch ana sentimita 188, mtu wa kawaida tu kwenye mchezo ule. Mpwa wangu hakuandika neno siku mbili.

Ya tatu ni Carlton. Mwaka 2021, 2022 na 2023, medali ya Coleman ya mfungaji bora ilikwenda kwa watu wa Carlton: kwanza Harry McKay, kisha Charlie Curnow mara mbili. Milingoti wote wawili. Kombe la mwisho la Carlton ni la 1995, na katika miaka ile mitatu fainali kuu waliitazama kama mimi, kwenye skrini. Siku mzee aliponitajia hilo nilimimina chai nikanyamaza.

Jibu langu lilikuja kutoka Kakuma.

Yuko beki anayeitwa Aliir Aliir. Amezaliwa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, nchi hii hii tunayolipia ushuru. Familia yake ikahamia Australia akiwa mtoto, akachezea Sydney, sasa Port Adelaide, na 2021 alitajwa katika kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. (Mhariri, huyo peke yake angestahili ukurasa, kabla ya kutuletea tena picha ya kocha wa Uingereza aliyekunja uso.) Mimi nikitazama Port Adelaide simfuati mwenye mpira, namfuata Aliir. Macho yake hayako kwa mtu anayemlinda, yako kwenye mguu wa anayepiga. Mpira ukiondoka tu, yeye keshaanza safari. Anakatiza hatua kumi, kumi na tano, anapaa ubavuni mwa watu wawili na kuutwaa kama mtu anayeanua nguo yake kwenye kamba. Timu nyingi siku hizi zina beki wa aina hiyo.

Sasa mzee wangu aniwekee pale mbele wafupi sita, wepesi, wakali. Aliir atamlinda nani? Hana wa kumlinda. Atasimama katikati kama anayengoja matatu, na kila mpira mrefu utakaokuja ni nauli yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya kwanza ya mrefu si kudaka. Ni kumnyima Aliir kudaka. Amkalie, amvute pembeni, amlazimishe aruke naye hata kama wote wawili wataukosa. Mpira ukikosekana unaanguka, na ukianguka wako wafupi miguuni wanausubiri. Hao ndio wanaopiga mabao, na ndio mzee wangu anaowaona, kwa kuwa aliyewaangushia hakuandikiwa kitu.

Mzee anasema basi msipige mpira mrefu, pigeni mfupi mfupi. Vizuri. Lakini anayepiga ana mtu mgongoni na mwingine kiunoni. Nani atapata muda wa kumtafuta kijana wa sentimita 175 anayekata kona? Atapiga kwenye kitu kirefu kilichoko mbele. Usiku dereva wa teksi akipotea huku kwetu hatafuti namba ya nyumba, anatafuta kreni ya mjengo yenye taa nyekundu, kisha anauliza soja.

Na hapa niseme la kwangu. Nina futi 6 na inchi 4. Katika miaka yangu yote getini sijakamata mwizi hata mmoja. Kuna wakati msimamizi mmoja kutoka ofisini alikuja na karatasi, safu moja imeandikwa "matukio", akaniuliza mbona yangu ni tupu mwaka mzima, wakati soja wa geti la pili ana matatu. Nikamwambia wezi wale watatu walipita kwangu kwanza, wakaniangalia, wakaendelea na safari. Hakuandika. Karatasi haikuwa na safu ya hilo.

Hata shuleni, kule Taita, ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu aliniweka namba tisa kwa ajili ya urefu tu, na mwaka mzima nilifunga mabao 2, moja kwa goti, bila kukusudia. Mipira iliyonigonga kichwani ilikuwa inamwangukia winga wetu wa kulia, mtu mfupi mwenye kelele, na mwisho wa muhula aliyepewa viatu vipya mbele ya gwaride ni yeye. Siku hizi ana duka la vipuri Voi, na tukikutana bado ananiambia nilikuwa nazuia njia.

Lakini siwezi kusema ninashinda kila hoja, na fainali ya 2016 ndiyo inayotutesa sote wawili. Bulldogs walimaliza msimu nafasi ya saba, wakapenya hadi fainali kukutana na Sydney ya Buddy. Kombe lao la mwisho lilikuwa 1954. Mbele walikuwa na Tom Boyd, kama sentimita 200. Nahodha wao Ryan Griffen alipotaka kuondoka 2014 walimbadilisha na Boyd, wakampa kijana huyo wa miaka 19 mkataba wa miaka 7, na kwa misimu miwili mpwa wangu alikuwa akimwita hasara.

Asubuhi ile tulikuwa wawili kibandani, mimi nimemaliza zamu na mzee ameanza yake. Robo ya mwisho, mechi bado mbichi. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa anapiga honi afunguliwe, na mzee anamwonyesha kwa kidole, subiri. Buddy akapata mpira, akageuka akitafuta njia. Dale Morris akamrukia kwa nyuma, akambana mikono, mpira ukachuruzika. Boyd akauokota chini. Hakuwa karibu na goli, ni kama mita 60, na mbele yake hapakuwa na mtu. Akaupiga. Ukatua, ukadunda, ukadunda tena, na mpira ule wa yai hakuna ajuaye utadunda wapi. Ukapita katikati ya nguzo ndefu. Bao la 3 kwake siku ile, na mwisho ikawa 89 kwa 67.

Nikapiga meza hadi chai ikamwagika juu ya namba za magari. "Umemwona mrefu?"

"Nimemwona," mzee akasema, anakwenda kufungua geti. "Ameokota chini kama mfupi. Na aliyepoteza mpira naye alikuwa mrefu."

Mpaka leo sina jibu kamili la hilo. Ninachoweza kumwambia ni kwamba Boyd kabla ya bao lile alikuwa ameshapigania mipira ya juu asubuhi nzima, na mabeki wa Sydney walipokuwa wakimtazama yeye, Liam Picken na Tory Dickson nao walipiga 3 kila mmoja. Boyd alistaafu 2019 akiwa na miaka 23 tu, mwili na akili vimechoka, akasema hivyo wazi. Mpwa wangu hamwiti tena hasara.

Nakubali pia kwamba si kila mrefu ni dawa. Warefu watatu wazito wasiogeuka ni mzigo. Mpira ukianguka beki anaondoka nao wao wakiwa bado wanashuka. Na Carlton tatizo lao sidhani lilikuwa McKay au Curnow, ni kwamba chini ya miguu yao hapakuwa na watu wa kutosha wa kuokota. Linganisha na Geelong ya 2022: Tom Hawkins na Jeremy Cameron juu, Tyson Stengle chini anazunguka kama kuku mwenye vifaranga. Waliipiga Sydney kwa alama 81. Hata Melbourne ile iliyotunyonyoa Perth, pembeni ya Fritsch alikuwepo Ben Brown, sentimita 200, na mabeki wetu wakubwa hawakuwa na budi kumshughulikia.

Nimebakiza swali moja tu kwa mzee, na nimemwuliza mara nyingi. Kama Richmond walithibitisha 2017 kwamba wafupi wanatosha, mbona baada ya msimu wa 2018 walikwenda Gold Coast kumchukua Tom Lynch, sentimita 199, wakamsimamisha kando ya Riewoldt? Kombe la 2019 wakalitwaa kwa tofauti ya alama 89, na la 2020 wakalitwaa tena. Kila nikimwuliza, anakumbuka ghafla kwamba kuna gari linataka kutoka.

Sasa amesema atalijibu siku atakapoliona gazetini, maana mimi, kwa maneno yake, ninaongea kwa kuwa ni mrefu. Kwa hiyo, Mhariri, ukiona barua hii inafaa, naomba itoke Jumatatu. Siku nyingine tunasoma nakala yangu na yeye hulikunja upande wa soka. Jumatatu ananunua la kwake.

Soja wa zamu ya usiku,
Kileleshwa, Nairobi