Baba, kadi bado ninayo

Birmingham, Uingereza, 6 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti linakuruhusu kutembea bila fimbo. Sisi huku ni wazima, ila baridi imeshika kwelikweli. Watoto wanawaamkia.

Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Chama chenu si ndicho kimeshika serikali? Mbona unaongea kama mtu aliyefiwa?" Nilikujibu kwa mkato, nikabadilisha mazungumzo. Samahani. Watoto walikuwa karibu, na mimi nilikuwa na uchungu. Leo sina zamu, acha nikujibu vizuri.

Unajua nilivyoanza. Nilipofika huku nilikuta kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, akiwa na kibali cha kuishi, anaruhusiwa kupiga kura hata ya ubunge kabla hajapata uraia wa hapa. Kura yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 2005. Niliwapa Labour, na tangu siku hiyo sijawahi kuwapa wengine. Hiki ni chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi. Ndicho kilicholeta matibabu ya bure mwaka 1948 na kima cha chini cha mshahara mwaka 1999. Mtu anayeogesha wazee kwa malipo ya saa hahitaji kuelezwa kima cha chini ni nini.

Baada ya hapo tulishindwa 2010, 2015, 2017 na 2019. Desemba ile ya 2019 tulizunguka nyumba kwa nyumba, saa kumi jioni giza limeshaingia, vipeperushi vinalowa mkononi, watu wanafunga mlango hujamaliza hata kusalimia. Tukapigwa vibaya. Lakini Baba, sikuumia hivi. Ukishindwa unalala, unaamka, unavaa viatu unarudi barabarani.

Halafu Julai 4, 2024 tukashinda. Viti 411 kati ya 650, baada ya miaka 14 ya kukaa nje ya serikali. Saa nne usiku vituo vilipofungwa na makadirio yakatokea kwenye televisheni, nilikaa chini sakafuni nikalia.

Mwezi ule ule wakatangaza kwamba ruzuku ya kupasha nyumba joto, waliyokuwa wakipewa wastaafu wote kila msimu wa baridi, sasa itabaki kwa maskini zaidi tu. Nina mzee mmoja ninayemhudumia asubuhi, alifanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka mwili ukagoma. Kipato chake kilizidi kidogo tu kiwango walichoweka, akakosa. Januari ile nilikuwa nikiingia kwake namkuta kwenye kiti, kavaa koti la kutokea nje na kofia ya sufu, mikono kaibana katikati ya mapaja. Hita imezimwa. Namwambia niiwashe, ananijibu, "Ngoja ukiwa unaondoka, uniwashie nusu saa." Mimi ndiye niliyempelekea kipeperushi chetu wakati wa uchaguzi ule, na kilikuwa bado kiko juu ya friji, kimebanwa na sumaku.

Nisiwanyime haki yao. Juni mwaka huu walirudi nyuma, ruzuku wakairudisha kwa walio wengi. Mshahara wa chini wameupandisha. Na wiki iliyopita wametangaza kuwa kuanzia Aprili mwakani familia maskini zitapata posho ya watoto wote, siyo wawili wa kwanza tu. Nilifurahi sana. Lakini nikakumbuka kwamba Julai 2024 wabunge saba wa chama chetu walipiga kura wakidai jambo hilo hilo, na kiongozi wetu, Keir Starmer, akawasimamisha. Walichoadhibiwa kwacho kimekuwa sera. Sijasikia akiwaambia samahani.

Haya yote ningeyameza. Serikali ni ngumu, pesa hazitoshi, wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia hivyo. Kilichonikaa kooni ni hotuba ya tarehe 12 Mei.

Siku hiyo Waziri Mkuu wetu, kiongozi wangu, alisimama kuzindua sera mpya ya uhamiaji. Akasema bila kanuni kali nchi hii iko hatarini kugeuka kisiwa cha wageni. Baba, sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika hotuba ile mgeni ndiye aliyekuwa ugonjwa. Na hapa Birmingham maneno ya namna hiyo yana historia yake. Aprili 1968, hotelini katika mji huu huu, mbunge wa Conservative, chama pinzani wetu, aitwaye Enoch Powell alisema Waingereza wamefanywa wageni ndani ya nchi yao. Hata chama chake kilimwondoa kwenye safu ya uongozi kesho yake. Watu weusi waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka mpaka leo jinsi walivyozomewa njiani wiki zile. Kiongozi wangu alisema baadaye kwamba hakujua maneno yake yanafanana na yale, na kwamba anajuta sana kuyatumia. Namwamini kwamba anajuta. Ila alichokizindua siku ile hakukijutia. Muda wa kungoja makazi ya kudumu ulikuwa miaka mitano, akapendekeza iwe kumi. Na mwezi uliopita serikali imependekeza kwamba kwa watu waliokuja kulea wazee iwe kumi na mitano, hata kwa wale ambao tayari wako hapa.

Mwaka 2020, alipokuwa akituomba wanachama tumpe uongozi, mtu huyu alituahidi mfumo wa uhamiaji wenye huruma na utu. Nilimpigia kura kwa ajili ya sentensi ile.

Kazini nina mwenzangu, Mkenya, alikuja Oktoba 2022 na mwanawe. Alipokuwa hajui kwamba ana haki ya kupiga kura, ni mimi niliyemweleza. Nikamsaidia kujiandikisha. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Hawa ni watu wetu, hawatatuangusha." Juzi tulikuwa kwenye gari tukingoja saa ya kuingia kwa mgonjwa mwingine. Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya usukani. Alitegemea makazi ya kudumu 2027, sasa inaweza kuwa 2037. Mtoto ana miaka tisa, atakuwa na ishirini na mmoja. Akanigeukia, bila ukali wowote, akasema, "Dada, si wewe uliyetuambia?" Sikuwa na la kumjibu. Nilivaa glavu nikashuka.

Wewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi. Watu walikuja kibarazani uwaandikie barua ya utambulisho, na nakumbuka ulivyokuwa unakataa kumwandikia mtu usiyemjua, hata akija na wazee. Ulisema ukiweka jina lako chini ya barua, umejiweka wewe. Ndicho nilichokifanya, Baba. Nilimdhamini kiongozi huyu kwa wenzangu, kwa yule mzee wa Longbridge, kwa huyu dada. Kiongozi mwenyewe hawajui. Mimi ndiye ninayekutana nao kila siku.

Uliniuliza pia kama nimerudisha kadi ya chama. Huku mtu hapandi jukwaani kuikabidhi, unazuia tu makato ya ada benki, na baada ya muda uanachama unakwisha. Mara mbili nimefungua benki kwenye simu na kidole kikasita. Chama hiki si mali ya kiongozi. Walikuwepo watu kabla yake na watakuwepo baada yake, na wengi tuliolowa nao mvua ile ya 2019 wanalia kama mimi. Maoni kuhusu mapendekezo haya yanapokelewa hadi Februari, na Mei tuna uchaguzi wa madiwani hapa mjini. Nimekataa kubeba vipeperushi mpaka nisikilizwe kwanza.

Jumanne kuna mkutano wa tawi. Nimeomba nafasi ya kuzungumza. Mwenzangu si mwanachama, hawezi kuingia, lakini ameniandikia miaka yake yote kwenye kikaratasi, kuanzia 2022 hadi 2037, na pembeni ya kila mwaka umri wa mtoto. Nitakisoma kama kilivyo.

Dawa za Mama nimempa mtu anayesafiri wiki ijayo, atakupigia akifika. Mwambie Mama asipunguze vidonge ili vidumu, nitatuma vingine Januari. Wasalimie wote.

Mwanao