Barua kwa Yaya Furaha: feza ya mabati na bia ya Pasaka

Mons, Ubelgiji, wiki ya pili baada ya Pasaka

Yaya Furaha,

Jambo sana, dada yangu mkubwa, jambo kwa shemeji na watoto. Sauti zako zote tatu nimezisikiliza, ile ya mwisho mara mbili, nimesimama nje ya stesheni na mvua nyembamba ya huku inanilowesha shingo. Kama Mama analala vizuri na goti limepoa, mimi nami nimelala.

Nianze na feza ili roho yako itulie. Minervali ya shule ya Ombeni na Cito nimeituma jana usiku, dola 150 kwenye Airtel Money yako wewe, si namba ya Kaka. Hamsini zilizobaki utazipata mwisho wa mwezi. Nimeongeza kidogo ya kutolea, najua tangu benki zifungwe huko Bukavu Februari ile ya 2025 kila anayeshika feza ya mtu lazima aimegue. Usiniambie aksanti, ni watoto wangu.

Sasa la mabati. Yaya, hili limenikaa kooni tangu Machi. Dola 300 nilizotuma ziezeke juu ya kitanda cha Mama, Kaka Mugisho aliacha kwenda kuzichukua mpaka muda ukapita zikarudi kwangu. Kisha akasema mbele ya Mama na mbele ya wazee wa kanisa kwamba feza ya pombe haitafunika nyumba ambamo watu wanaomba. Na mvua ya Machi ikaendelea kuingia. Mama akahamisha godoro lake jikoni, karibu na mafiga, na hakuna aliyeniambia mpaka wewe. Nililia siku hiyo, nilikuwa naosha tangi, nikaendelea kuosha.

Nadhani anafikiri nasimama nyuma ya meza ya baa nikiwamiminia walevi. Mwambie ilivyo. Tuko watu sita tunaopika bia katika jengo la shamba la zamani, nje kidogo ya mji. Saa kumi na mbili asubuhi tunasaga kimea cha shayiri, tunakitia kwenye maji ya moto ya digrii 65 hivi, kinakaa saa nzima na zaidi mpaka wanga wake ugeuke sukari. Tunachuja, tunachemsha na maua machungu ya hopsi, tunapoza, tunatia hamira. Ni kazi ya kupika na kuosha, kuosha zaidi kuliko kupika. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa naosha tu. Majira ya baridi mikono yangu ilikuwa inapasuka, lakini hayo tuyaache, yamepita.

Mkoa huu ni Hainaut. Zamani, mashine za baridi hazijakuwepo, wakulima wa huku walikuwa wanapika bia miezi ya baridi tu, maana joto likija inachacha vibaya na kazi yote inamwagwa. Walipika mapema, wakaiweka, ili wakati wa jua vibarua wa mashamba wapate cha kunywa. Ndiyo maana mpaka leo inaitwa saison, yaani msimu. Sisi bado tunafuata hiyo kalenda: nyeusi na nzito za Desemba zinaisha, na Machi ikiingia tunatoa nyepesi, za rangi ya majani makavu, zenye povu jingi. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Hapa mpika bia ni fundi kama fundi mwingine yeyote, watu wanamsimamisha barabarani kumuuliza mwaka huu ametia nini.

Na majira yenyewe, Yaya! Tangu Novemba miti imesimama kama kuni. Halafu wiki moja tu, unatoka asubuhi, kila tawi lina kitu kijani. Digrii 14 na watu wameshavua makoti, wamekaa nje kama wako kwenye jua la Uvira. Hata hopsi inachipua. Huko Poperinge wanachimba vichipukizi vyake vyeupe chini ya udongo, wanavila na yai, bei yake inashangaza. Nilivionja mwaka jana. Lenga-lenga ya Mama, ule mchicha wake, inavishinda.

Jumatatu ya Pasaka tunafungua milango kwa watu wote. Wazazi wa huku huwaambia watoto kwamba kengele za kanisa ziliruka mpaka Roma na zikirudi zinaangusha mayai ya chokoleti, basi watoto wanayatafuta kwenye majani nyuma ya ghala huku tarumbeta zinapigwa na wakubwa wamepanga foleni na gilasi. Mwaka huu patron, bosi wetu, alinipa tangi dogo, la lita 200, akasema: Riziki, hili ni lako, pika utakacho.

Mimi! Kati ya wote sita.

Unajua nilipika nini. Nilipanda treni mpaka Matonge, Bruseli, nikarudi na mtama mwekundu mgongoni. Niliukaanga mwenyewe, kidogo kidogo, nikiupindua na mwiko, mpaka ule moshi mtamu ukatoka. Pale ndipo miguu iliishiwa nguvu. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu Kadutu, una miaka kumi na nne, unanifukuza nisikaribie moto. Mama amefukua ndizi kutoka shimoni, majani juu yamenyauka, harufu inajaa uwanja wote. Anakamua kwa manyasi ndani ya ule mtumbwi wa mti, mikono mpaka viwiko, maji yanatoka na povu la kahawia. Kisha unga wa mtama uliokaangwa, kisha bidoni za njano, kisha blanketi la Papa juu yake zisishikwe na baridi ya usiku. "Msiguse, zinafanya kazi." Alikuwa anaongea chini kabisa, kama pana mtoto amelala.

Hapa tuna chumba cha joto. Chupa tukishazijaza na sukari kidogo tunaziweka humo wiki mbili tatu, hamira ifanye kazi mara ya pili ndani ya chupa. Siku ya kwanza walipoufungua ule mlango nikaona chupa zimepangwa gizani, nilijua sijafika mahali pageni.

Basi nauliza, Kaka Mugisho alisoma kwa feza gani? Papa alikuwa anarudi kutoka Bralima, kiwanda cha bia, na salopeti imejaa harufu ya kimea, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Papa alipofariki, kasiksi ya Mama, ile bia yake ya ndizi, ndiyo iliyolipa, mwaka wa tano na wa sita wa sekondari, kaptula, viatu, na ile diplome aliyoitundika sebuleni. Mimi nilikuwa nabeba bidoni mpaka Nyawera, yeye alikuwa anabeba vitabu, na sikuwahi kulalamika. Mama ameokoka, namheshimu, simwombi arudi kwenye shimo la ndizi. Lakini kuona aibu ya kazi iliyotulea, hilo siwezi kulikubali. Wewe ndiye mkubwa wake, Yaya. Mimi nikisema anasikia mtoto anamjibu. Wewe ukisema atainamisha kichwa.

Hapa ukifika, kama unamsomea Mama, simama kwanza, soma peke yako.

Walinitaka niipe bia jina. Niliandika "Mama Furaha". Liko kwenye karatasi ya chupa, kwa herufi nyekundu, na chini yake wamechora shuke la mtama. Watu waliniuliza maana, nikawaambia ni jina la mama yangu, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na furaha ni furaha. Mzee mmoja alivua kofia. Saa tisa mchana tangi lilikuwa tupu, na jua lilikuwa bado linawaka. Patron alikuja kunisimamia mbele ya wote, akanishika bega, hakusema neno. Nilitamani sana Papa angekuwepo. Juni ya 2025 niliposoma kwamba Heineken, waliokuwa wenye Bralima, wameondoa watu wao Bukavu na Goma, nilimfikiria yeye siku nzima, na wale rafiki zake waliokuwa wanakuja Jumapili kula sambaza kwetu.

Mwambie Mama kwa namna yako. Wewe unajua saa yake nzuri.

Kuna kubwa zaidi. Jumapili ya Utatu, mwisho wa Mei, Mons inakuwa na Ducasse yake, wenyewe wanasema Doudou. Mtakatifu Georges anapigana na joka uwanjani, na maelfu ya watu wanagombania kunyofoa nywele za mkia wa joka, ni bahati ya mwaka mzima. Mwaka jana nilipata unywele mmoja, uko ndani ya Biblia yangu. Kwa siku hiyo patron anataka bia yangu tena, safari hii lita 600. Tunaanza kupika kabla mwezi huu haujaisha.

Lakini ina kasoro, na mimi naijua hata kama wengine hawakuisikia. Mwishoni, ikishapita ulimi, kuna ukali kidogo nyuma ya koo. Ya Mama haikuwa nao. Nakumbuka alikuwa analowesha mtama usiku mzima kabla ya chochote, kisha anaufunika na majani ya mgomba. Ninachosahau ni kama aliuacha uote kwanza, mzizi utoke, ndipo aukaushe na kuukaanga, au aliukaanga ungali mzima. Kama aliuotesha, basi alikuwa anatengeneza kimea kamili, kile kile tunachonunua hapa kwa magunia, bila kufundishwa na mtu wa kiwanda chochote.

Mwulize. Usimwambie ni ya nini kwanza, mwulize tu uliota siku ngapi, na mzizi ulikuwa mrefu kiasi gani alipousimamisha. Kisha mpe simu aseme mwenyewe, nataka sauti yake. Nipate kabla ya Jumatatu.

Zile dola 300 bado ziko hapa, sijazigusa. Tafuta fundi, si lazima awe wa kanisa lao. Akikupigia hesabu ya mabati na misumari, nitatuma kwako siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Riziki