Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shule za Kale za Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Hesabu atazisoma mweka hazina, na mahudhurio ya vikao anayo katibu. Mimi nitasema ya majengo, maana ndiyo yaliyotukutanisha.

Mkutano uliopita ulituagiza tuandike historia ya shule za mji wetu, tuanze na ya kwanza. Hapo hapo kwenye "ya kwanza" tukakwama. Wazee wa upande wa misheni walishikilia 1868, mwaka waliofika mapadre wa Roho Mtakatifu wakiwa na Padre Antoine Horner, wakawafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma, kulima, useremala na uashi. Wengine wakasema shule ni ya serikali, kwa hiyo tuanze na Wajerumani. Bibi mmoja akatucheka: kabla ya wote hao, mtoto aliketi barazani kwa mwalimu wake, akaandika aya kwenye ubao wa mti, akishaihifadhi anauosha ubao na kuandika nyingine. Kamati imeamua chuo, yaani shule hiyo ya Kurani, kiingie kwenye orodha hata kama hakikuwa na jengo lake. Najua wapo humu wasioridhika. Tutasikilizana kwenye mengineyo.

Jengo lililotuchukulia muda mwingi ni la Sewa Haji Paroo. Huyu ni yule tajiri wa Kihindi aliyekuwa akiwapatia wapagazi na bidhaa watu wa misafara ya bara. Miaka ya 1890 aliikabidhi serikali ya Kijerumani jengo hilo kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote, 1897 akafariki. Leo ndiyo Shule ya Msingi Mwambao. Sharti lile bado linanishangaza, kwa sababu Waingereza walipokuja, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikwenda kila moja na njia yake, na utengano huo ulifutwa kisheria Januari 1962, baada ya uhuru. Yaani mfanyabiashara mmoja wa Bagamoyo aliwatangulia kwa zaidi ya miaka 60.

Kuhusu ukarabati, nina jambo la kukiri. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wake unaamuliwa na urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Mwaka huu, kwenye chumba kimoja cha zamani, fundi alitushauri tupige plasta ya saruji, ikae miaka. Tulipopiga kura, mkono wangu ulikuwa juu. Masika yalipopita, chumvi ilichomoza kama unga chini ya dirisha, na ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi: plasta imeachana na jiwe. Sasa tunaibandua, tunarudia chokaa. Gharama yake mtaiona kwenye hesabu, na msimlaumu mweka hazina.

Wajumbe wawili walipendekeza tuache madarasa ya matofali na mabati, eti hayana historia. Sikukubali. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote wasome shule ya msingi, na elimu hiyo kwa wote ilipofika 1977, wazazi walifyatua matofali wenyewe, na wapo waliosomea chini ya mwembe wakisubiri paa. Baadhi yao wamo humu ukumbini. Madarasa ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, nayo yataorodheshwa, ingawa hayo hayakutupa kazi kubwa.

Mwaka ujao tunakusanya vitu vidogo: madaftari ya mahudhurio, vyeti, picha za darasa, hata ile rimu ya gari iliyokuwa ikigongwa kama kengele. Mwenye karatasi asione haya kwamba imeliwa na mchwa. Katibu atakuja nyumbani, ataipiga picha mbele yako, na karatasi itabaki kwako.