Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga kuhusu boti ya abiria kati ya Mkinga na kisiwa cha Wasini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Moa, Wilaya ya Mkinga, nikiomba kwamba wazo la boti ya abiria iliyosajiliwa, inayokwenda na kurudi kwa ratiba kati ya pwani yetu na kisiwa cha Wasini nchini Kenya, litoke barazani, ambako wazee wamelizungumza miaka nenda miaka rudi, liingie katika mipango ya Mkoa. Siombi meli. Naomba boti moja ya watu arobaini au hamsini, siku mbili kwa wiki, na mahali halali pa kupandia na kushukia.

Wasini ni nchi ya kigeni kwa mujibu wa ramani, na sina ugomvi na ramani. Lakini Wasegeju, Wadigo na Wavumba wapo pande zote mbili, na mtu wa Moa akisalimiana na mtu wa Wasini hakuna anayehitaji kurudia neno. Mji wa kale wa Vumba Kuu, ambao watawala wake waliitwa Madiwani, ulikuwa karibu kabisa na mahali unapopita mpaka leo. Waingereza na Wajerumani walipogawana pwani hii mwaka 1886, mstari walianzia kwenye mdomo wa Mto Umba, na undugu ukakatwa katikati bila mwenye undugu kuulizwa.

Shangazi yangu aliolewa Wasini na akafia huko. Habari ilitufikia baada ya sala ya Isha, na maziko yalipangwa kabla ya Adhuhuri siku iliyofuata. Walikuwapo vijana waliokuwa tayari kunivusha kwa boti ya faiba usiku uleule, bila taa, bila jaketi okozi na bila muhuri wa nchi yoyote. Sikuthubutu. Alfajiri nilishika njia ya halali: bodaboda hadi barabara kuu, gari hadi Horohoro, kituo chetu cha mpakani, foleni, kisha Lunga Lunga upande wa Kenya, gari jingine kufuata barabara ya Mombasa, kushuka kwenye njia panda ya Shimoni, bodaboda tena hadi ufukweni, na mwisho boti ya kuvukia Wasini. Nilikuta kaburi limeshafukiwa. Binamu yangu aliyepita baharini usiku alimzika shangazi kwa mikono yake, ila kwa macho ya sheria yeye ndiye mkosaji na mimi ndiye raia mwema.

Mheshimiwa, Tanzania na Kenya zilikubaliana juu ya mpaka wa baharini kwa barua walizobadilishana kati ya Desemba 1975 na Julai 1976. Makubaliano hayo hayakuchora mstari tu. Yaliweka pia kwamba wavuvi wenyeji wanaovua kwa ajili ya kujikimu wa nchi zote mbili wataruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa bahari ya kitaifa, kwa kufuata kanuni zilizopo. Maana yake ni kwamba wakubwa waliokaa mezani wakati ule walitambua kuwa bahari hii ina watu wake, na kwamba mpaka unaweza kuwa halali bila kuwa ukuta. Mvuvi alikumbukwa. Mkewe anayetaka kwenda kumwangalia mama yake mgonjwa ng'ambo hajakumbukwa, na karibu nusu karne imepita.

Upande wa biashara hali ni hiyohiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na upo utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi. Utaratibu ni mzuri, lakini cheti hicho hutolewa na ofisa wa forodha, na ofisa yuko Horohoro, nchi kavu. Mama wa Moa mwenye magunia mawili ya nazi na tenga la machungwa ya Muheza, akiyapeleka Wasini, kisiwa chenye ardhi ya mawe ya matumbawe isiyo na mashamba makubwa, amepewa haki na Jumuiya lakini hana dirisha la kuidai. Akipita baharini anaitwa mtu wa magendo, na ufukwe aliopakilia mzigo unaitwa bandari bubu. Siwatetei wanaopitisha dawa za kulevya na sukari ya magendo usiku. Nasema kwamba pale ambapo hakuna mlango, mwizi na mgeni wote huingilia dirishani, na askari hana namna ya kuwatofautisha.

Naomba hapa nikae kidogo kwenye jambo ambalo nahofia wataalamu watalipita haraka, nalo ni maji yenyewe. Pwani ya Mkinga ni ya mikoko, vijito na matope. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yakipwa, chombo kilichokuwa kikielea kando ya mikoko asubuhi hukutwa mchana kimelala ubavu kwenye tope, mbali na mkondo. Abiria hushuka maji yakiwa kiunoni. Wazee na wajawazito hubebwa mgongoni. Kwa hiyo ratiba ya saa moja kamili asubuhi, siku zote za mwaka, itakufa mwezi wa kwanza. Ama jeti ijengwe hadi kwenye kina kinachobaki na maji wakati wa kupwa, ama ratiba ifuate mwezi na itangazwe mapema, jambo ambalo watu wa pwani hawalioni geni kwani ndivyo wanavyoishi. Tena kuna Kusi, upepo utokao kusini. Miezi ya Juni hadi Agosti kwenda Wasini ni kusukumwa na upepo, lakini kurudi Moa ni kuupasua, na boti nyepesi yenye injini moja ya kupachika haifai kupewa abiria majira hayo. Manahodha wetu wanaijua miamba ile kwa jina, mmoja mmoja. Naomba waitwe kabla mchoro haujakamilika, si baada ya boti kukwama.

Kuhusu usalama sitaandika mengi kwa kuwa misiba imekwisha kuandika. MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imezidisha watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, ilhali uwezo wake ulikuwa abiria 101. Katika ajali zote mbili idadi ya waliopanda haikufahamika kwa uhakika. Boti ninayoiomba ikaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na orodha ya abiria iachwe nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Mtu anayezidi idadi iliyoruhusiwa arudishwe, hata kama ni shemeji wa nahodha.

Najua kwamba uhamiaji na forodha ni mambo ya Serikali Kuu, na kwamba ng'ambo ya pili Kaunti ya Kwale nayo haina mamlaka juu ya mihuri ya Nairobi. Lakini wewe ni Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, na barua yako kwa Wizara ya Uchukuzi na Idara ya Uhamiaji ina uzito ambao saini zetu mia mbili hazina. Tunaomba iandikwe. Tunaomba pia ofisa mmoja wa uhamiaji na mmoja wa forodha wapangiwe kuwapo Moa katika siku mbili za safari. Chumba tutakitafuta sisi.

Na tunaomba uje mwenyewe uone. Tafadhali usije maji yakiwa yamejaa, kwa maana hapo kila kitu hupendeza. Njoo siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa, na uvae viatu usivyovionea huruma.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Moa, Wilaya ya Mkinga